Tumbo la Jumamosi na tuisheni ya Kichina

Kwa wiki tano mfululizo, mtoto wa dada yangu aliumwa tumbo kila Jumamosi asubuhi. Si Ijumaa, si Jumapili. Jumamosi tu, kati ya saa mbili na saa tatu, akiwa ameshakunywa uji na viatu viko mlangoni. Anashika kitovu, anajikunja kwenye kochi, machozi yanamtoka. Ikifika saa sita mchana anaulizia mpira wake, anatoka nje kucheza na wenzake kama vile hakuna kilichotokea.

Ana miaka saba, yuko darasa la pili. Amerithi jina la marehemu baba yetu, ndiyo maana nyumbani tunamwita Babu. Mimi ni mama yake mdogo. Wasomaji wa ukurasa huu mnajua kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo dada aliponipigia simu mara ya kwanza nilimjibu kama mtaalamu: mpeleke akapimwe. Wakampima choo kutafuta minyoo, wakapima mkojo, wakapima malaria. Hakuna kitu. Daktari akambonyeza tumbo taratibu, akauliza mtoto anakula nini, analala saa ngapi, anapata choo vizuri? Kisha akamuuliza dada swali ambalo mimi na shahada yangu hatukuwa tumelifikiria: "Jumamosi asubuhi huyu huwa anakwenda wapi?"

Jumamosi asubuhi alikuwa anakwenda tuisheni ya Kichina. Na aliyemshawishi dada ampeleke ni mimi.

Nieleze ilivyokuwa, maana najua siko peke yangu. Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha pili, TBC ikawa inaonyesha tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake, Wachina wanaongea Kiswahili sanifu kabisa. Mama yetu alikuwa hakosi hata usiku mmoja. Mimi kilichokuwa kinanikera ni midomo. Sauti inasema kitu kingine na midomo inacheza kivyake, nikawa natamani kujua hao watu wanasema nini hasa. Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Confucius ilikuwa imeshafunguliwa pale, tangu 2013, nikajiandikisha. Sikuwa bingwa. Lakini nilikipenda, na hadi leo nikikutana hospitalini na daktari wa Kichina (wamekuwa wakija kufanya kazi nchini tangu miaka ya 1960) nikamsalimia kwa lugha yake, mahojiano yanakwenda tofauti kabisa.

Kwa hiyo kilipofunguliwa kituo karibu na kwa dada, chenye bango linaloahidi mtoto ataongea Kichina ndani ya miezi mitatu, nikamwambia dada asichelewe. Kenya walishatangaza mwaka 2019 kwamba wanaingiza Kichina kwenye mtaala kuanzia darasa la nne, Uganda wakakipeleka sekondari, na hapa kwetu kuna sekondari zinazokifundisha. Nikamwambia mtoto akianza mapema atawatangulia wenzake. Ada ikalipwa ya muhula mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia ndani kuona wanafundishwaje. Dada alikuwa akimshusha getini na kuondoka na bajaji ileile.

Baada ya swali la daktari ndipo tulipokwenda kukaa kwenye kiti cha nyuma. Watoto wa miaka sita hadi minane, wamepangwa mistari, kila mmoja na daftari la miraba. Herufi moja inaandikwa ubaoni, wanainakili mara hamsini. Kisha wanasimamishwa mmoja mmoja kutamka. Ukikosea toni unabaki umesimama mpaka upatie. Babu alibaki amesimama. Nilimtazama akijaribu, mara ya kwanza, ya pili, ya sita, sauti ikizidi kupungua, mkono mmoja umeshika tumbo. Tulipotoka nikamuuliza kama huwa ni hivyo kila wiki. Akasema, "Mamdogo, nasimama mpaka nipatie, halafu sipatii."

Kabla sijaendelea na Kichina, niseme kuhusu tumbo, kwa sababu najua kuna mzazi anasoma hapa ambaye mwanawe naye analo. Yale maumivu si uongo. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu na unawasiliana na ubongo muda wote. Mtoto mwenye hofu ambaye hana maneno ya kuielezea anaweza kuumwa tumbo kwelikweli, mara nyingi pale pale kitovuni, bila minyoo wala kidonda. Kumwambia "unajifanya" ni kumuongezea mzigo. Lakini pia usikimbilie kusema ni hofu. Kama tumbo linamwamsha usingizini, kama anapungua uzito, anatapika mara kwa mara, ana homa, choo kina damu, au maumivu yako upande mmoja mbali na kitovu, huyo ni wa hospitali, na si wa wiki ijayo. Sisi tulianza na vipimo, na hapo tulikuwa sahihi. Tulikosea kila kitu kilichotangulia.

Sasa turudi darasani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata China kwenyewe mtoto wa umri wa Babu hafanyiwi hivyo kwa mujibu wa taratibu zao. Tangu mwaka 2021 serikali yao imekataza darasa la kwanza na la pili kupewa kazi za nyumbani za kuandika. Mtaala wao unataka mtoto akimaliza darasa la pili awe anatambua herufi kama 1,600 lakini aweze kuandika nusu yake tu, 800 hivi. Yaani wanatenganisha kutambua na kuandika, na kutambua kunatangulia. Na huyo ni mtoto aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo, ameiongea miaka sita kabla ya kushika penseli, na anaisoma kila siku shuleni. Wa kwetu anakwenda saa mbili kwa wiki, hajui hata kuomba maji kwa Kichina, tunamwandikisha herufi mara hamsini. Ni kama kumfundisha mgeni Kiswahili kwa kumnakilisha neno "ngalawa" ukurasa mzima kabla hajajua kusema "naomba".

Hata mtihani rasmi wa Kichina wa watoto wasio Wachina, unaoitwa YCT, ngazi yake ya kwanza ni maneno 80 tu, na maswali yake yameandikwa na pinyin, ile namna ya kuandika Kichina kwa herufi zetu za a, b, ch. Maneno 80! Ukiona tangazo la miezi mitatu mtoto anaongea, kumbuka hiyo namba.

Tulimtoa Babu pale. Ada haikurudi, dada amenisamehe nusu. Kwa miezi miwili hakuna aliyetaja Kichina ndani ya nyumba. Tumbo liliuma Jumamosi moja zaidi, kisha likaacha. Kilichofuata hatukukipanga, na ndicho ninachotaka mkisikie, kwa sababu kilianza na bibi.

Mama yetu ni Mmachame. Siku moja nimekaa naye jikoni tunachambua mchicha, nikawa namweleza kwa nini mtoto alikuwa anasimamishwa. Nikamwambia Kichina kina toni nne, na nyingine isiyo na mkazo. Ukisema mā kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ukisema má ikipanda ni katani. Mǎ, ikishuka na kuinuka, ni farasi. Mà, ikidondoka ghafla, ni kugomba. (Mkonge wenyewe wa Tanga wanauita jiànmá, katani-upanga, na ukishawahi kuchomwa na jani lake unaelewa kwa nini.) Mama akanisikiliza, akasema, "Sasa hapo ugumu uko wapi?" Akarudia zote nne bila kukosea.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kiswahili hakina toni, sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na safari inaendelea. Lakini lugha nyingi za Kibantu zinazo, na Kichaga ni mojawapo. Bibi amekuwa akipandisha na kushusha sauti ili kubadili maana tangu alipozaliwa. Tumelipa kituo hela, na mwalimu wa masikio tunaye jikoni.

Kwa hiyo mchezo ukaanzia kwa bibi na mjukuu, bila daftari. Toni ya kwanza ni ile ya kwa daktari, anapokuambia fungua mdomo useme "aaa", iko juu na haiyumbi. Ya pili ni "eeh?" ya mtu aliyeitwa na hakusikia. Ya tatu ni "aaa-ah" ya mtu aliyegundua kitu taratibu, inakwenda chini kwanza. Ya nne ni "we!" anayopigiwa mtoto aliyenyoosha mkono kwenye chungu cha moto. Wanazitumia na maharage: bibi anatamka, mtoto anaweka punje kwenye kifuniko kimojawapo kati ya vinne. Akikosea anaambiwa toni iliyokuwa, mchezo unaendelea. Hakuna kusimama.

Jambo la pili lililowasumbua watoto wale darasani ni b na p, d na t, g na k. Kwa Kichina tofauti yake haiko pale tulipozoea, iko kwenye pumzi. Shika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya mdomo: kwa p karatasi inaruka, kwa b inatulia. Wasomaji wa Mombasa, Lamu na Unguja mnacheka sasa hivi, kwa sababu nyinyi mnatofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi hiyohiyo, na kaa la moto na kaa wa baharini. Sisi wa bara ndio tuliopoteza. Kama jirani yako ni mtu wa pwani wa zamani, mwombe aseme maneno hayo manne mbele ya mtoto na karatasi. Mtoto ataelewa kwa dakika moja kitu ambacho mimi nilikipata muhula wa pili.

Na kabla hujasema mtoto hana kichwa cha lugha, angalia masikio. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara, au mwenye mafua yasiyoisha na anayekoroma, anaweza kuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na hayo hupunguza usikivu. Anasikia, ila kama mtu aliyeko chini ya blanketi. Anaongeza sauti ya televisheni, anasema "nini?" kila mara. Toni zitampita, na kusoma shuleni kutampita pia. Hicho ni kipimo cha kuomba hospitali, Kichina au bila Kichina.

Mzazi mmoja aliniandikia kwamba ameambiwa asimchanganye mtoto: nyumbani Kiswahili, shuleni Kiingereza, kwa bibi Kinyakyusa, ukiongeza Kichina atachelewa kuongea au atakuwa na kigugumizi. Utafiti hauungi mkono woga huo. Mtoto wa lugha mbili au tatu anaweza kuwa na maneno machache kwenye kila lugha ukilinganisha na mwenzake wa lugha moja, lakini ukiyajumlisha yote hayuko nyuma. Kuchanganya lugha ndani ya sentensi moja ni kawaida, hata sisi wakubwa tunafanya hivyo kwenye daladala. Asiyeitika jina lake akiwa na mwaka mmoja, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, huyo apelekwe kuonwa, na sababu isitafutwe kwenye idadi ya lugha. Tafadhali msimnyang'anye mtoto lugha ya bibi yake ili kumpa nafasi ya Kichina. Nimeshaeleza bibi anavyoweza kuwa na faida.

Simu sasa. Najua wengi mnasoma hii kwenye simu, na huenda mtoto anaisubiri. Katuni za Kichina ziko tele na zinavutia. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Kundi moja likakaa na watu wanaoongea Kichina, wakiwasomea vitabu na kucheza nao, vipindi 12 vya dakika 25. Watoto hao wakaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao waliosomewa Kiingereza hawakuzitofautisha. Kundi jingine likapewa Kichina kilekile, watu walewale, kwa televisheni au kwa sauti tu. Halikujifunza chochote. Hao ni watoto wachanga, na mtoto wa miaka saba anaweza kuokota neno kwenye katuni, sikatai. Lakini anaokota zaidi akiwa na mtu pembeni anayemuuliza na kumjibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa chini ya hapo asikae mbele yake kabisa. Kuiita "masomo ya Kichina" hakuipunguzi hiyo saa.

Tulivyofanya sisi ni hivi: dakika kumi, mara tatu au nne kwa wiki, mimi kwa simu ya video kwa sababu nakaa mbali, na bibi amekaa naye. Tunaongea tu. Nikimuuliza anataka nini, anajibu maji, chai, mpira. Kuandika kulirudi baadaye sana, tena kwa kijiti kwenye mchanga nje. Kuna utaratibu wa mistari, mlalo kabla ya wima, juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, na mkono mzima unaukumbuka vizuri kuliko vidole vilivyobana penseli. 十 ni kumi. 人 ni mtu, miguu yake unaiona. 木 ni mti, ukiweka miwili, 林, ni msitu. Mtu aliyeegemea mti, 休, ni kupumzika, na Babu aliicheka sana hiyo kwa sababu ndivyo anavyolala fundi baiskeli wa mtaani kwao kila mchana. Nisiwadanganye kwamba herufi zote ni picha. Nyingi zaidi zina upande unaodokeza maana na upande unaodokeza sauti: ile ya mama, 妈, ni mwanamke kando ya farasi, na farasi yuko pale kwa ajili ya sauti yake tu. Asije mtu akamtungia mtoto hadithi ya mama aliyepanda farasi.

Kuna sehemu Kiswahili kinamsaidia mtoto na sehemu kinamchanganya, na kuzijua mapema kunaokoa machozi. Hesabu ni rahisi: kumi na moja ni shíyī, kumi-moja, na ishirini ni èrshí, mbili-kumi, afadhali kuliko ishirini yetu tuliyoazima kwa Waarabu. Ngeli pia zinasaidia. Wachina hawahesabu kitu bila kukipa kipimo cha umbo lake, tiáo kwa virefu kama samaki, mto, barabara na suruali, zhāng kwa bapa kama karatasi, meza na kitanda. Mtoto anayesema mti ule, kiti kile, jiwe lile bila kufikiri hashangai kwamba vitu vina makundi. Vitenzi havibadiliki kabisa, hakuna ni- wala tu- wala wa-.

Balaa ni siku za wiki. Wao wanahesabu kuanzia Jumatatu: siku ya wiki ya moja, ya mbili, hadi ya sita. Sisi mosi yetu ni Jumamosi. Mtoto wa Kiswahili anayefikiri vizuri atakuambia Jumamosi ni xīngqīyī, kwa sababu mosi ni yī, na atakuwa amekosea kwa sababu ya akili yake mwenyewe. Hilo ndilo mojawapo ya makosa yaliyomsimamisha Babu. Xīngqīyī ni Jumatatu, Jumamosi ni xīngqīliù, ya sita. Mwalimu ambaye hajui Kiswahili hawezi kuliona kosa hilo linatoka wapi. Nyumbani tuliweka kalenda ukutani, tukaandika namba za Kichina kwa kalamu nyekundu juu ya siku zetu, yakaisha.

Utamaduni tuliuanzia kwenye ukoo, na hapa nawaambia watoto wetu wana bahati. Kiingereza kina "uncle" mmoja kwa watu wote. Kichina kina bóbo kwa baba mkubwa, shūshu kwa baba mdogo, jiùjiu kwa mjomba, gūgu kwa shangazi. Kaka mkubwa si mdogo, kila mmoja ana neno lake. Baba ni bàba na mama ni māma, hapo ni toni tu. Mama mkubwa ni dàyí, na dà maana yake kubwa. Mama mdogo ni xiǎoyí, na xiǎo ni dogo. Nilipomwambia Babu hilo alitaka kujua nani aliiga kwa nani. Bibi kwao ana majina mawili, wa upande wa baba na wa upande wa mama, na mtoto akakaa chini kuchora ukoo mzima kwenye karatasi ya kalenda ya zamani, akiuliza marehemu babu yetu angeitwaje. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kumsalimia mkubwa kabla hujaanza kula, hayo hatukuhitaji kuyafundisha.

Mwaka mpya wao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, kwa kuwa unafuata mwezi. Watoto wa Kiislamu mtaani walielewa haraka, wakauliza mbona Idi inazunguka mwaka mzima na hiyo haizunguki. Jibu ni kwamba Wachina huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu ili sikukuu isitoke kwenye msimu wake. Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Tukapika jiǎozi kwa unga wa chapati, nyama ya ng'ombe ya kusaga na kabeji. Sehemu nyingi za China wanaweka nguruwe, lakini Waislamu wa huko hutumia ng'ombe au kondoo, kwa hiyo hakuna mtoto wa mtaani aliyekosa. Sufuria ya kwanza zilifumuka zote kwenye maji, tukanywa supu. Ya pili zilishika. Vijiti vya kulia tuliwapa wakiwa wamekaa tu, asikimbie mtu na kijiti mdomoni.

Sisemi msipeleke watoto darasani. Mimi si mwalimu, toni zangu zina kutu, na mtoto anayetaka kuendelea anahitaji anayejua zaidi yangu. Ila omba ukae kipindi kizima kabla ya kulipa, na ukikataliwa nenda zako. Ukiwa ndani usiangalie mabango, angalia midomo ya watoto inafunguka mara ngapi. Kisha subiri mtoto akosee, uone kinachotokea.

Babu hajarudi darasani. Dada alimuuliza Januari, akasema bado, hatukumuuliza tena. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwao na boksi la glasi nililonunua Kariakoo, zawadi ya dada. Mtoto akalizunguka boksi, akainama pembeni kwenye maandishi yale mekundu, akaniita kwa sauti.

"Mamdogo, wewe umeandikwa hapa!"

Kidole kilikuwa kwenye 小, dogo, ile ya xiǎoyí. Nikamwambia inayofuata, 心, ni moyo, na zikikaa pamoja zinasema uwe mwangalifu. Akanitazama mimi, akalitazama boksi, akauliza kama mwenye bajaji alikuwa anajua kusoma Kichina. Tukafungua. Glasi mbili zilikuwa zimevunjika.